"Kwangu Imekubali" Si Jibu

Wasee, hakuna kitu huniudhi kama developa akisema, "Kwa laptopu yangu imekubali." Sasa? Kerneli ya Linux haiishi kwa laptopu yako. Iko kwa kila simu ya Android, kwa seva, hadi kwa ruta nyingi za WiFi.

Ndio maana Intel wana roboti inayochukua viraka vya kodi watu wanatuma, hata vile vya kusimamia memori vinavyopitia kwa Andrew Morton, na kuvijenga kwa prosesa za kila aina. Mipangilio mingine inachaguliwa ovyo tu, makusudi. Ukikosea unapata barua pepe: faili hii, mstari huu. Haikuulizi digrii (hapo tumeelewana).

Halafu msee analia eti roboti inasumbua, hiyo mipangilio haina watu. Buda, nani alikuambia? Simu za biti 32 bado ziko mikononi mwa watu hapa Nairobi. Na kosa la memori kwa kerneli halizimi app moja, linaweza kuangusha simu nzima ukiwa katikati ya kutuma pesa.

Sawa, kodi inaweza kujengeka vizuri na bado ivuje memori ikianza kazi. Lakini yako hata kujengeka imekataa. Unabishana nini?