Kabla ya kuuliza dawa mpya ya kidonda, pima sukari

Mvuvi mmoja wa Karema alinijia na kidonda cha miezi minne chini ya dole gumba la mguu. Hakikuwa kinamuuma, ndiyo maana alichelewa. Alikuwa amekimwagia unga wa kapsuli za rangi mbili hadi ukaganda kama saruji. Swali lake la kwanza: “Daktari, nasikia kuna dawa mpya ya kuotesha nyama. Hapa hamna?”

Dawa zipo. Tangu mwaka 1997 Marekani wanayo jeli ya bekaplemini, inayoiga protini ambayo chembe za kugandisha damu huitoa ili kuziita seli mpya kwenye jeraha. Cuba wana sindano ya Heberprot-P, inayochomwa ndani na pembeni mwa kidonda cha mgonjwa wa kisukari. Ni kazi nzuri ya watafiti. Lakini jeli hiyo hutunzwa kwenye friji, na hupakwa baada ya nyama iliyokufa kuondolewa, kwenye mguu unaopata damu ya kutosha. Ukiipaka juu ya usaha, umetupa fedha zako.

Hapo hapo Karema, Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto na baadaye kusomea udaktari Malta, alitibu watu kuanzia 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Zaidi ya miaka 50 ya kazi hiyo ilipita kabla penisilini haijaanza kutumika kwa wagonjwa. Kidonda kilikuwa kazi ya maji safi, kitambaa safi na subira.

Mvuvi wetu tulimpima sukari. Ilikuwa juu sana, naye hakujua. Tulikwangua uchafu, tukamwanzishia dawa za kisukari, na tukamwomba asiukanyagie mguu ule. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda zaidi; nani atavuta nyavu? Kidonda kilifunga baada ya wiki kumi na moja, na dole lake analo.

Kwa hiyo wenye mamlaka wanapotuahidi dawa za kisasa, mimi naomba kwanza vipimo vya sukari visiishe kwenye zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nawe mgonjwa, kidonda kikipita wiki mbili bila kupona, nenda kapime. Na wazazi, mtoto akiungua mmwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mleteni. Dawa ya meno iacheni bafuni.