Kijana aliyesimama nyuma ya mupasuaji



Kila mwaka masomo yakianza, kuna kilio katika nyumba nyingi za kambi. Mutoto amepata diploma, anataka kusomea unganga, lakini baba hana franga za minervali. Kijana anakaa tu mulangoni na kusema: «Mimi nimekwisha.» Leo simugombezi. Namuelezea habari ya Vivien Thomas, mutu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1910.

Thomas alikuwa fundi wa mbao sawa na baba yake. Alikuwa anaweka franga ku banki kidogo kidogo ili asomee unganga.  Mwaka wa 1930, mujini Nashville, akapata kazi ya kusaidia katika labo ya mupasuaji Alfred Blalock. Aliwaza ni kazi ya muda tu, kisha atarudi shuleni. Halafu banki ikaanguka, franga zote zikapotea. Hakurudi. Lakini mikono iliyozoea musumeno na randa ikajifunza kushona mishipa ya damu.

Mwaka wa 1941 wote wawili wakahamia Baltimore, ku hospitali ya Johns Hopkins. Pale munganga Helen Taussig akawaletea shida ya watoto wanaozaliwa na njia nyembamba ya damu kuelekea mapafu. Damu yao haipati hewa ya kutosha. Midomo na vidole vinakuwa vya buluu, na wengi walikufa wangali wadogo. Thomas akatafuta dawa yake kwa kupasua mbwa, mara nyingi sana: kukamata mushipa unaopeleka damu ku mukono, na kuushona ku mushipa wa mapafu.

Tarehe 29 Novemba 1944 wakaletewa mutoto wa kike, uzito karibu kilo 4 tu. Thomas hakutaka kuingia, asimutie Blalock wasiwasi. Blalock akatuma wamuite. Njo vile alivyopanda juu ya kiti kidogo, nyuma ya bega la mupasuaji, akaona kwa mara ya kwanza kazi yake ikifanywa ndani ya kifua cha mutoto wa mutu. Munganga mukubwa anauliza sindano ipite wapi. Fundi wa mbao anamuonyesha.

Mutoto yule alirudi nyumbani, ingawa alikufa miezi kadhaa nyuma. Lakini njia ilikwisha kufunguka. Mwaka wa 1945, mutoto wa tatu alipopasuliwa, midomo yake ikageuka mekundu pale pale mbele ya macho yao. Wengine wengi wakafuata.

Siwafichi uchungu wake. Kwa miaka alilipwa kwa cheo cha mufagiaji, na makala iliyotangaza kazi ile haikutaja jina lake. Udaktari wa heshima alipewa mwaka wa 1976 tu, miaka tisa mbele ya kufa kwake. Munganga wa diploma hakuwa hata siku moja. Lakini wapasuaji wakubwa walijifunza mikononi mwake.

Basi wewe kijana, minervali ikikosa, ulilie siku moja, maana ni hasara kweli. Kesho yake utafute mulango mudogo ulio wazi, uingie na mikono yako yote. Na ninyi wakubwa wa kazi, mukipata kijana wa namna ile, mumulipe kadiri ya kazi yake, tena jina lake liandikwe angali muzima.