Mrututu Katika Bahari ya Mjomba

Mjomba wangu ana bahari Iyunga. Ni lita 300 ndani ya kioo, sebuleni, si mbali na stesheni ya TAZARA. Mgeni akiingia husalimia kangaja kwanza, watu baadaye.

Mwaka jana kangaja huyo alitoka vipele vyeupe, utadhani kanyunyiziwa chumvi. Aliyetuuzia akasema kwa simu: tieni mrututu. Tukaenda duka la pembejeo, tukanunua ule wa shambani, tukatia kijiko kimoja cha chai. Kulipokucha kamba na konokono wote walikuwa wamekufa. Jioni samaki wakafuata. Mimi ndiye niliyeshika kijiko, kwa hiyo siandiki haya kama mtazamaji.

Ugomvi wangu ni na maneno mawili: tia dawa. Dawa gani, kiasi gani, ya ugonjwa gani? Shaba inayotibu ni takriban miligramu 0.2 kwa lita, na katika mrututu shaba ni robo tu. Piga hesabu: lita 300 zilihitaji kama robo gramu. Kijiko chetu kilibeba gramu 5 au zaidi. Tulizidisha mara 20!

Na hata hiyo robo gramu haikuwa na haki ya kuingia mle. Kamba na matumbawe hawavumilii shaba. Mawe ya matumbawe nayo huinyonya, hivyo bila kipimo hujui kilichobaki majini. Samaki mgonjwa hutolewa, akatibiwa kwenye chombo kitupu.

Kimelea chenyewe, Cryptocaryon irritans, hujichimbia kwenye ngozi ya samaki siku 3 hadi 7. Akishiba hushuka chini, hujifungia ndani ya ganda, hugawanyika. Baada ya siku au wiki kadhaa wadogo hutoka kwa mamia, na asiyepata samaki ndani ya siku 1 au 2 hufa. Shaba humpata huyo anayeogelea tu, si aliye ndani ya ngozi wala aliye kwenye ganda. Vipele vikitoweka, basi, ugonjwa umehamia mchangani. Sisi tuliochora mzunguko wa malaria daftarini tangu shule tulipaswa kulijua hili. Lakini sisi ndio hao hao tunaopata nafuu siku ya pili na kuacha mseto wa siku 3.

Kuna na wale wa "nunua samaki msafishaji". Ni yule mwembamba mwenye mstari mweusi, ambaye wavuvi wa pwani ya Kenya humkamata kwa ajili ya soko la nje. Yeye hudonoa vidudu vya juu ya ngozi, na huyu wetu yuko chini yake. Unampeleka kiumbe kwenye kazi asiyoiweza, kisha anakonda hadi kufa huku ukimlaumu.

Mtasema tiba ni ghali. Ghali kuliko nini? Njia moja inataka ndoo na chumvi ya akwariamu tu, gramu 35 kwa lita. Kila baada ya siku 3 mhamishe samaki kwenye ndoo safi iliyokaushwa, yenye maji mapya ya joto lile lile, mara 4. Kimelea anayedondoka anaachwa nyuma kabla hajapasua ganda. Tangi kubwa nalo likae bila samaki angalau wiki 6. Wengine hushauri siku 76. Kwanza, hata hivyo, kwangua ute kidogo wa ngozi uutazame kwa hadubini, maana kuna kimelea mwingine, Amyloodinium, anayefanana naye kwa macho, ambaye njia ya ndoo haimwezi na ambaye huua kwa siku chache. Iyunga ina shule ya ufundi na chuo kikuu cha sayansi. Tuna visingizio vichache kuliko tunavyodhani.

"Ni samaki tu," jirani alituambia tulipokuwa tukiwafukia chini ya mparachichi. Samaki huyo alitolewa baharini, akapandishwa mpaka kwenye baridi yetu. Hakuomba.

Jana mjomba amenipigia. Kuna mtu Dar ana kangaja wawili, wanaweza kufika Ijumaa.

"Shikamoo mjomba," nikamwambia. "Una ndoo ngapi?"