Amplifaya ya Remba

Kijana mmoja mpiga benga kisiwani Remba kaniomba shauri: anunue amplifaya gani? Yeye ataka kubwa iungurumayo. Mimi, ingawa ni mtu wa taarabu, nasema la. Gitaa la benga, kama alivyolipiga marehemu D. O. Misiani aliyefariki mwaka 2006, laiga nyatiti yenye nyuzi nane. Kila mdundo wataka usikike peke yake, bila mkwaruzo. Basi na atafute yenye nguvu ya akiba, wala asiifungue mpaka mwisho, kwani hapo ndipo sauti hupasuka.

Lakini lipo zito zaidi. Remba nyumba za mabati zimebanana, na wavuvi wa omena hukesha ziwani na taa zao. Mchana wetu ndio usiku wao, na jirani ana haki yake. Kijana kainama: babake ni mmoja wao.