Kabla Useme "Wamekula", Uliza Nani Anahesabu

Pesa za utafiti zikichelewa, sisi huwa na jibu moja tu: wamekula. Msaidizi wa utafiti amezunguka mtaani wiki sita akijaza fomu nyumba kwa nyumba, mshahara haujaingia, na grupu ya WhatsApp imeshatoa hukumu. Profesa amenunua gari. Kesi imeisha.

Wacha niseme kitu ambacho wengi hamtapenda. Wizi upo, na anayeiba afungwe. Lakini kuna shida nyingine ambayo hatuiongelei kabisa, na haina mtu mmoja wa kushikwa mashati. Unakuta idara ya afya chuoni ina miradi kadhaa ya mamilioni, na watu wa kuisimamia hiyo doo ni wawili, mmoja wao akiwa kwa kandarasi inayoisha Desemba.

Kwa nini? Twende polepole.

Ruzuku ya utafiti huwa na mafungu mawili. La kwanza ni la kazi yenyewe: vipimo, dawa, mishahara ya timu, nauli ya wagonjwa. La pili ni gharama za uendeshaji: stima, intaneti, nyumba ya maabara, na ile ofisi inayosoma mikataba, kukagua risiti na kuandika ripoti za pesa. Fungu la pili huhesabiwa kama asilimia ya la kwanza.

Sasa sikia hii. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani, ndiyo mfadhili mkubwa zaidi wa umma wa utafiti wa afya duniani. Kufikia mwanzo wa 2025, Harvard ilikuwa inapata 69% kama gharama za uendeshaji. Yale, 67.5%. Johns Hopkins, 63.7%. Chuo cha Kenya kikishinda ruzuku ya NIH? 8%. Hakuna kubargain.

Piga hesabu rahisi. Kazi ya dola 1,000,000 kule Boston inaletea chuo dola 690,000 za kuendesha ofisi. Kazi ya dola hizo hizo hapa Nairobi ama Eldoret inaleta 80,000. Na masharti ni yale yale. Ukaguzi ni ule ule. Risiti ikipotea, hakuna mtu atakuambia, "Aa, hawa ni wa 8%, waache."

Februari 2025, NIH ilitangaza kwamba vyuo vyote vya Marekani vitashushwa hadi 15%. Wakaruka juu! Majimbo 22 na vyuo wakakimbia kortini, wakasema maabara zitafungwa na watu watafutwa. Korti ikazuia. Na mimi naona walikuwa na haki. Lakini manze, kile walichokiita kifo ni karibu mara mbili ya kile sisi tumepewa kama maisha.

Najua kuna mtu atasema, "Kenya vitu ni rahisi, hamhitaji nyingi." Ngoja kwanza. Ile 8% inahesabiwa juu ya bajeti ambayo tayari ina mishahara yetu ya chini. Kwa hivyo tumekatwa mara mbili. Na huku stima ikipotea, sampuli za damu kwa friza zinahitaji jenereta. Dizeli haiuzwi kwa bei ya huruma.

Sasa unganisha hiyo na mshahara wako. Mara nyingi chuo chetu kinakuwa mshirika mdogo wa chuo cha ng'ambo, na mkataba unasema tumia kwanza, halafu tuma invoisi, ndio urudishiwe. Chuo chenyewe kina madeni. Invoisi ikiwa na kosa moja, inarudishwa. Mtu wa kuirekebisha ni yule yule ako na miradi mingine saba. Wewe unangoja.

Beshte yangu alikusanya data ya akina mama wajawazito kwa idara moja hapa Nairobi. Miezi mitatu bila kitu. Kila akienda ofisini anaambiwa, "Invoisi haijarudi." Pengine ilikuwa ukweli. Lakini landlord hapokei invoisi.

Halafu kuna shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu 160. Miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Mradi uliopanga kulipa watu kwa dola 10,000 ulikuwa na shilingi 1,600,000, ghafla ukawa na 1,300,000. Laki tatu zimeenda na hakuna mtu ameiba hata peni. Kama hakuna mtu aliyeona hiyo mapema na kupanga upya, anayeumia ni yule wa mwisho kwa laini ya malipo.

Je, kosa lote ni la mzungu? Hapana. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema Treasury itoe 2% ya pato la taifa kila mwaka. Haijawahi kufika hapo. Ndio maana Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, watu hapa waliambiwa waache kazi kwa barua ya siku moja. Huwezi kulalamika mwenye nyumba amebadilisha kufuli kama wewe mwenyewe ulikataa kujenga.

Mimi nataka vitu vitatu. Kwanza, wasimamizi wa ruzuku waajiriwe na chuo moja kwa moja, kazi ya kudumu, wasiwe wanalipwa na mradi ambao ukiisha wanaenda na kumbukumbu zote. Pili, kila idara ibandike wazi: mradi gani, mfadhili nani, kiasi gani, unaisha lini. Giza ndilo hufanya tuseme wamekula. Tatu, wasaidizi wa mashinani wawe wa kwanza kulipwa. Profesa ana mshahara wa chuo. Wewe una nauli ya leo tu.

Na wewe unayeitwa kukusanya data wiki ijayo, kabla usaini uliza: mfadhili ni nani? Pesa imeshaingia ama tunatumia kwanza? Ikichelewa, nani ananilipa? Wakikuona msumbufu, sawa. Afadhali msumbufu mwenye jibu.

Kama ushawahi kungojea mshahara wa utafiti, niambie hapa chini: ulingoja wiki ngapi, na uliambiwa nini? Majina ya watu usiweke. Sababu tu.