Amana ya Mkono Utibuo

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kusema na vijana wetu walioingia, au wanaotaraji kuingia, katika kazi ya utabibu na uuguzi. Wazazi nao wasikilize, kwani neno hili lina fungu lao.

Watu wa Kagerankanda na vijiji vya Kasulu na Kibondo hawana haja ya kuelezwa habari za maradhi yavukayo mipaka. Mwezi wa Mei 2015, ndugu zetu waliokimbia machafuko ya Burundi walijazana Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, pasipo maji safi wala vyoo vya kutosha. Kipindupindu kiliwaingia, nao wengi wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Waliougua walipita 3,000, na wapatao 30 walifariki. Machi 2020 ikafika Korona katika nchi yetu. Na Machi 2023 homa ya Marburg ikazuka katika mkoa jirani wa Kagera, na miongoni mwa waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya.

Maradhi haya hayafanani. Korona huenea zaidi kwa pumzi, kipindupindu kwa maji na chakula, Marburg kwa damu na majimaji ya mwili. Lakini mkono mchafu huyasaidia yote, na mkono wa mwuguzi ndio upitao kutoka kitanda hata kitanda.

Shirika la Afya Ulimwenguni limetaja nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi itakayo usafi mkubwa, kama kufunga kidonda, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Waliochunguza hospitali za nchi nyingi wameona kuwa wahudumu hunawa zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla. Sababu haijifichi: anawaye baada hujikinga nafsi yake, na anawaye kabla humkinga mwenziwe. Hapo ndipo ilipo amana. Wala glovu haziondoi wajibu huo, kwani avaaye glovu zile zile kwa wagonjwa wawili amechukua maradhi ya huyu akampelekea yule.

Mtume wetu (s.a.w.) amemfundisha aamkaye usingizini aoshe mikono yake kabla ya kuitia chomboni, kwa kuwa hajui mkono wake ulilala wapi. Ikiwa uangalifu huo ni kwa maji ya chombo, itakuwaje kwa kidonda cha mja wa Mungu? Na udhu ni ibada tukufu, lakini hauondoi haja ya sabuni: mikono isuguliwe vyema, nje na ndani na baina ya vidole, na kazi yote ichukue sekunde 40 hadi 60.

Wako waonao shaka kutumia kitakasa mikono chenye spiriti. Januari 2002, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, Makka, liliruhusu spiriti itumiwe nje ya mwili kwa kuua vijidudu. Basi shaka hiyo isimzuie mwuguzi.

Ama sisi wa majumbani, tusimlaumu mwuguzi ambaye hana maji. Pale bomba lisipofika, vijana wa msikiti waweza kutengeneza kibuyu chirizi kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia, wakakisimamisha zahanati pamoja na sabuni, na wakawekeana zamu ya kukijaza. Nasi tuendao kumwuguza mgonjwa wetu tunawe kabla ya kumlisha. Mwuguzi naye akiulizwa kwa adabu, "Mwanangu, umenawa?", asione kuwa ametukanwa.

Mwaka 2020 ndoo zenye koki zilisimama milangoni mwa maduka na misikiti. Je, ndoo ya msikiti wenu iko wapi leo? Aliyenawa kwa hofu huacha hofu ikimtoka. Anawaye kwa kuwa mgonjwa ni amana haachi, hata pasipokuwa na amwonaye ila Mola wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalinde wawahudumiao, na aitakase mikono yetu na nyoyo zetu. Amin.