Chakula cha shule kinahitaji timu na kocha, si mwalimu mmoja

Kama una mtoto anayesoma shule ya msingi, bila shaka umewahi kukaa kwenye mkutano wa wazazi ambao ajenda ya chakula cha mchana ilikula muda kuliko ajenda nyingine zote. Yupo anayesema serikali ilifuta ada mwaka 2016, hivyo chakula nacho kiwe bure. Yupo anayelalamika kwamba mwaka jana alitoa mahindi na mtoto alikula miezi miwili tu. Yupo anayenyamaza kwa sababu hana cha kutoa. Mkutano unafungwa, na Jumatatu mtoto anakwenda shule akiwa na chai ya rangi tumboni.

Wiki hii naomba tulitazame jambo hili kama jambo la afya. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni bila kula hawezi kumsikiliza mwalimu wa hisabati. Mtoto mwenye kisukari anayechoma insulini asubuhi, asipokula kwa wakati sukari yake hushuka; anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia akiwa darasani. Hata dawa ya kichocho inayotolewa shuleni wakati wa kingatiba inatakiwa imezwe mtoto akiwa ameshakula. Shule isiyo na chakula inahangaika mpaka na dawa.

Maoni yangu ni haya: shule nyingi zina uwezo wa kulisha watoto kwa mazao ya wakulima wanaozizunguka, lakini mipango hiyo inakufa kwa sababu tunamwachia mwalimu mmoja. Tukitaka idumu, tuijenge juu ya timu, na timu hiyo ipewe kocha wa kuirudia mwaka mzima.

Shamba lilikufa mwalimu alipohama

Wazo la kulima na kula shuleni halikuletwa na wageni. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au kazi ya uzalishaji, na mtoto ajifunze kwa kufanya. Wengi wetu tulishika jembe shuleni. Ukiuliza kwa nini mashamba mengi ya shule yalikuja kuwa pori, majibu hufanana. Mwalimu aliyekuwa akilisimamia alihamishwa. Mavuno yalikuwa hayajulikani yanakwenda wapi. Shamba likageuka mahali pa kumpelekea mtoto aliyechelewa namba, na watoto wakalichukia jembe.

Siku hizi tunarudia kosa lile lile kwa sura nyingine. Mwalimu mmoja anaitwa semina ya lishe, anakaa siku moja au mbili, anarudi na daftari na fulana. Akihamishwa kituo Januari, bustani ya mchicha inakauka Machi.

Mpenzi wa mpira atanielewa haraka. Hakuna klabu inayoleta kocha siku moja kabla ya ligi kuanza, ikamsindikiza stendi, kisha ikategemea ubingwa. Kocha anakaa na timu, anaona inapofungwa, anarekebisha mechi inayofuata.

Huko Vermont, Marekani, wapo wanaofanya hivyo kwa chakula cha shule. Katika shamba la elimu liitwalo Shelburne Farms kuna mafunzo ambayo shule haipeleki mtu mmoja. Inapeleka timu yenye uongozi wa shule, walimu na watu wa jikoni. Wanakaa pamoja siku chache wakati wa likizo, wanaandika mpango wa mwaka, kisha timu inapewa mtu wa kuifuatilia mwaka mzima. Wao wana fedha na majiko ambayo sisi hatuna. Lakini kuunda timu na kuirudia hakuhitaji jiko la umeme.

Timu iwe na nani

Kwa mazingira yetu timu ya watu wanane inatosha: mwalimu mkuu au msaidizi wake, mwalimu mwingine mmoja, mpishi, mjumbe wa kamati ya shule, wazazi wawili, mkulima wa jirani na mwanafunzi wa darasa la sita. Mpishi asisahaulike. Ndiye anayejua sufuria inachukua kilo ngapi, kuni zinaisha lini na maharage gani hayaivi.

Kocha naye yupo tayari kwenye mfumo. Kuna maafisa ugani kwenye kata na vijiji, kuna afisa lishe wa halmashauri, na kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Halmashauri imteue mmoja wao kwa kila shule, na imwandikie katika majukumu yake kwamba atakutana na timu hiyo mara moja kwa mwezi. Asije kutoa hotuba. Aje aulize: mwezi huu mlipanga nini, kimekwama wapi, mwezi ujao nani anafanya nini?

Kazi ya kwanza ni hesabu

Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 400. Tuseme kila mtoto anapata makande ya gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage. Kwa siku ni kilo 48 za mahindi na kilo 16 za maharage. Kwa siku 194 za masomo, shule inahitaji takribani gunia 93 za mahindi na gunia 31 za maharage, kwa gunia la kilo 100.

Sasa shamba la shule la ekari mbili, likijitahidi sana kwa gunia kumi kwa ekari, litatoa gunia 20. Hapo ndipo mipango mingi inavunjika: wazazi waliambiwa shamba litalisha watoto mwaka mzima, wakaacha kuchangia, na chakula kikaisha mapema. Timu iliyofundishwa kupiga hesabu itasema ukweli tangu mwanzo. Shamba na bustani vitoe mboga, matunda na sehemu ya nafaka. Nyingine ichangwe na wazazi au inunuliwe kwa wakulima wa karibu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Kwa mzazi mmoja, hesabu hiyo ni kama kilo 23 za mahindi na kilo 8 za maharage kwa mwaka. Yaani debe moja na kidogo la mahindi. Mzazi akiambiwa hivyo, akaona na daftari la mapokezi na matumizi limebandikwa ukutani, hubishana kidogo kuliko anapoambiwa tu "leteni michango".

Mkulima naye ananufaika. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wa familia. Soko la shule halihami na halikimbii. Mkulima akijua kuwa shule itachukua gunia 30 Agosti, ana sababu ya kukausha vizuri.

Gunia la jirani linaweza kuwa na sumu

Hapa ndipo kocha anapookoa maisha. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi, chakula chao cha kila siku. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizopata ukame shambani, zilizokaushwa chini kwenye udongo au zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu yenyewe haionekani, haina ladha, na kuchemsha kwa moto wa kawaida hakuiondoi. Kiasi kidogo kinacholiwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kwa hiyo chakula kuwa cha jirani yetu hakukifanyi kiwe salama. Shule inayokusanya madebe 400 kutoka nyumba 400 na kuyamimina kwenye rundo moja inaweza kusambaza tatizo la nyumba moja kwa watoto wote.

Kuna mambo ambayo timu inaweza kufanya bila maabara. Mahindi yakaushiwe kwenye turubai, si chini. Yapokelewe mlangoni, kila gunia likaguliwe kabla ya kuchanganywa, na punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zitolewe. Kipimo rahisi cha unyevu ni chumvi: chukua chupa safi iliyokauka, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri na uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15; yarudishwe juani. Isipoganda, bado mtu mwenye kifaa cha kupimia athibitishe, kwa sababu kiwango kinachotakiwa ni kisichozidi asilimia 13.5. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na paa lisivuje.

Karanga za kuweka kwenye uji ziangaliwe kwa makini zaidi. Punje chungu au iliyosinyaa itupwe. Isisagwe ili "isipotee", wala kuku wasipewe.

Sahani isiwe makande peke yake

Timu nzuri haitaishia kwenye kushibisha. Watoto wanahitaji madini ya chuma kwa ajili ya damu. Maharage yanayo, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi yakiliwa na tunda lenye vitamini C kama chungwa, pera au embe. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hupunguza upokeaji huo, bora maji. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, maboga na mboga za majani huleta vitamini A. Mti mmoja wa mpera au mpapai kwa kila darasa ni mwanzo mzuri. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, na maharage yaive sawasawa, kwa sababu vyote viwili vikiwa vibichi hudhuru.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema shule za mjini hazina ardhi. Ni kweli, lakini mpango huu haulazimishi shamba. Shule ya Temeke inaweza kuafikiana na kikundi cha wakulima wa Mkuranga, na kupanda mchicha kwenye viroba.

Wengine wanaogopa watoto kugeuzwa vibarua. Hofu hiyo ina msingi. Kazi ya bustani iwe sehemu ya somo, ipangiwe muda, isiwe adhabu, na mtoto ale alichopanda.

Hoja nzito zaidi ni ya mzazi asiye na kitu. Msimamo wangu ni kwamba hakuna mtoto anayepaswa kukaa chini ya mti akiwatazama wenzake wakila kwa sababu ya deni la baba yake. Mzazi huyo apewe njia nyingine: kuleta kuni, kuchota maji, kupukuchua, kulima siku mbili. Asiyeweza hata hivyo, kama mgonjwa au bibi anayelea wajukuu, timu imsamehe kimya kimya. Ukiweka akiba ya sehemu moja kwa kila sehemu kumi kwenye hesabu ya mwanzo, watoto hao wanaingia bila kumpunguzia mtu.

Uliza haya kwenye mkutano ujao

Mpenzi msomaji, mkutano ujao usiende kubishana kuhusu debe tu. Uliza maswali matano. Timu ya chakula ni akina nani, na mwalimu huyu akihama nani anaendelea? Nani kutoka halmashauri anaikagua na kuielekeza kila mwezi? Tunahitaji gunia ngapi kwa mwaka na zimepatikana ngapi? Nani anapima unyevu na kuchambua nafaka kabla ya kuingia stoo? Mtoto asiyechangiwa anakula wapi?

Kama mtoto wako ana kisukari, selimundu au mzio wa karanga, mjulishe mwalimu na mpishi kwa maandishi, pamoja na maelekezo ya daktari wake.

Majibu yakikosekana, usiondoke ukinung'unika. Nyoosha mkono, uombe timu ichaguliwe siku hiyo hiyo, na jina lako liwe la kwanza.